Mawingu na Mkondo

Kuna picha ya simba ambayo huenda umeiona hata kama humfahamu aliyeipiga. Ni ya Nick Brandt, Mwingereza, aliyeipiga Maasai Mara mwaka 2006. Nyeusi na nyeupe. Simba ameketi kiubavu, upepo unapeperusha manyoya ya shingo yake, na nyuma yake anga limefunga. Katika kazi zake za miaka ile Brandt hakupenda lenzi ndefu zinazovuta mnyama kutoka mbali. Alisogea, akangoja, na matokeo yake ni kwamba simba anaonekana kama mzee wa heshima aliyekwenda studio kupigwa picha. Jina la picha linataja dhoruba. Dhoruba yenyewe haijafika.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu, kwa maoni yangu, imewafundisha wengi wetu Afrika Mashariki, wapiga picha na watazamaji, jinsi mvua inavyopaswa kuonekana. Mvua ni anga. Mvua ni kile kitisho kitamu cha dakika kumi kabla. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nasi tumeichukua methali hiyo tukaifanya kanuni ya fremu: upeo wa macho ushushwe hadi theluthi ya chini, mwanga upunguzwe ili wingu lizidi kuiva, na mbele awekwe kiumbe mmoja mdogo wa kutupa kipimo.

Tazama picha za Dar es Salaam zinazosambaa kila masika yanapokaribia, mwezi Machi. Daraja la Tanzanite na wingu jeusi juu ya nyaya zake. Coco Beach, mawimbi ya kijivu, kijana mmoja anakimbia na mpira. Ngalawa upande wa Kigamboni, na nyuma yake pazia la mvua linatoka baharini. Nyingi ni picha nzuri, na sitaki kujifanya hazinigusi. Mwanga wa dakika zile ni wa pekee: jua bado linapiga ukutani kutoka magharibi, mashariki kumeshakuwa usiku, na rangi ya bati lililochakaa inawaka kama shaba. Mpiga picha anayeweza kuukamata mwanga huo bila kuuharibu kwa programu za simu anajua kazi yake.

Lakini zihesabu picha hizo kwa mahali zilipopigwa. Ufukwe, daraja, ghorofa refu linalotazama bahari. Hazitoki Tandale. Hazitoki Mbagala, ninakoishi, wala Boko Basihaya, wala Yombo. Hilo halitokani na uhaba wa mawingu, kwa kuwa wingu lililo juu ya Coco Beach ndilo hilohilo litakalofika Temeke baada ya robo saa. Sababu ni kwamba, kwa kanuni hii, picha huisha pale mvua inapoanza. Tone la kwanza likidondoka, kamera inarudi kwenye begi.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Mvua ni kitu kigumu sana kukipiga picha. Tone kubwa huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya 100 ya sekunde, tone hilo litakuwa limeshuka sentimita 9 kabla picha haijakamilika. Linatoka kama uzi, na kama nyuma yake hakuna kitu cheusi, halitoki kabisa. Mjapani Hiroshige alilitatua tatizo hilo mwaka 1857 kwa kisu: katika picha yake ya manyunyu ya ghafla juu ya daraja, iliyochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, mvua ni mistari myembamba iliyonyooka kutoka juu hadi chini, na watu wamejikunyata wakivuka. Miaka thelathini baadaye Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta. Kamera haina kisu hicho. Kwa hiyo mpiga picha anayetaka kuonyesha mvua hulazimika kuonyesha kile ambacho mvua imekifanya, na hapo ndipo anapaswa kushusha macho.

Tunayo methali nyingine, nayo inafaa zaidi kwa kazi hii: maji hufuata mkondo. Dar es Salaam ni jiji la mabonde, ingawa ukitazama ufukwe tu hutalijua hilo. Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu hadi baharini karibu na Daraja la Selander, ukipita Kigogo na Jangwani. Mto Ng'ombe unapita Sinza na Tandale kwenda kuungana nao. Kwa upande wetu wa Temeke kuna Kizinga na Mzinga. Miezi mingi ya mwaka baadhi ya mito hii ni michirizi ambayo mtoto anairuka. Mgeni anaweza kuivuka asijue kama ameuvuka mto. Mandhari ya mvua ya jiji hili, kwa maana ya umbo la ardhi na kinachotokea juu yake, iko kwenye mabonde hayo.

Na mabonde yamepigwa picha sana. Tatizo ni namna. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo picha inayorudi kila mwaka ni ile ya kutoka juu, zamani kwa helikopta na sasa kwa droni: maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mapaa yamekaa kama vipande vya mkate. Ni picha yenye nguvu. Pia ni picha yenye hoja, hata kama aliyeipiga hakuikusudia. Ukiwa juu kiasi hicho unaona mto na unaona nyumba, na jicho linatoa hukumu lenyewe: nyumba zimekaa njiani pa mto. Huoni viwanja vya juu vilivyosakafiwa kwa saruji hadi maji yakakosa pa kuzama. Huoni mtaro wa mtaa wa tatu uliozibwa. Huoni mwaka ambao mwenye nyumba alinunua kiwanja, wala nani alimwandikia karatasi ya mauziano.

Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilianza kuwekewa alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyingine zikabomolewa. Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza safari, na karakana yake kuu ilikuwa Jangwani, katika bonde hilohilo. Masika yalipokuja, maji yaliingia karakana kama yalivyokuwa yakiingia vyumbani. Picha za mabasi ya buluu yaliyosimama kwa safu ndani ya maji ndizo, kwa maoni yangu, picha bora za mandhari ya mvua zilizotoka katika jiji hili, na sidhani kama kuna aliyezipiga akiwa na nia ya sanaa. Zinabomoa hoja ya droni bila kusema neno. Kama kujenga bondeni ni ujinga wa maskini, basi ujinga huo una wahandisi na bajeti.

Siwalaumu wenye droni wote. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulitumia picha za angani pamoja na wanafunzi na wakazi waliotembea mtaa kwa mtaa wakiandika mitaro ilipo na kuuliza maji huwa yanafika wapi. Pale picha ya juu ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kidole cha mkazi kikionyesha ukuta.

Ukishuka chini kuna mtego mwingine, na huu una historia ndefu. Mwaka 1983, Porbandar nchini India, Steve McCurry alimpiga picha fundi cherehani mzee akiwa ndani ya maji hadi shingoni, cherehani yake begani, anatabasamu. Picha ilikwenda kwenye jalada la National Geographic Desemba 1984. Binamu zake wa Dar es Salaam unawajua: kijana aliyebeba godoro kichwani, mama aliyepanda mkokoteni akivushwa kwa malipo, watoto wanaoogelea barabarani huku wakicheka. Picha hizi zina utu, tofauti na zile za droni. Lakini zinatulipa haraka mno. Tabasamu linatuambia kwamba watu hawa wamezoea, na neno "wamezoea" ndilo neno la hatari kuliko yote wakati wa mafuriko. Likishasemwa, hakuna anayedaiwa mtaro.

Njia ya tatu nimeiona kwa Gideon Mendel, mpiga picha wa Afrika Kusini, ambaye tangu mwaka 2007 amekuwa akifuata mafuriko nchi kwa nchi, kuanzia Uingereza na India hadi Nigeria na Pakistan. Yeye hafiki kupiga maji yakikimbia. Anarudi na mwenye nyumba nyumbani kwake, maji yakiwa yametulia, na kumwomba asimame mlangoni au sebuleni atazame kamera. Hakuna tabasamu. Katika sehemu nyingine ya kazi hiyo anapiga mistari tu, ile ambayo maji huiacha ukutani yakiondoka, na katika nyingine anakusanya picha za familia zilizoharibiwa na mafuriko, sura zikiwa zimeyeyuka na kubaki madoa. Mstari ule wa tope tunaujua sote tuliokulia huku. Unaupaka chokaa, na msimu ujao unarudi juu kidogo. Mendel ameuchukulia kama upeo wa macho: chini yake ulikuwa mto, juu yake ni nyumba. Ni mandhari kamili, imo ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi.

Hata Brandt amehama kutoka kwenye simba wake. Mwaka 2020 alipiga Kenya na Zimbabwe mfululizo alioupa jina la The Day May Break: watu walioathiriwa na ukame na mafuriko, wamekaa fremu moja na wanyama waliookolewa, na majina ya watu hao yameandikwa kwenye picha. Hiyo ni hatua kubwa kwa mtu aliyepata sifa kwa tambarare zisizo na binadamu. Ila ukungu unaowazunguka ni wa mashine, na ukungu huo unafuta mahali. Mtu aliyepoteza nyumba kwa mto hana tena mto nyuma yake. Wingu limeshuka ardhini, lakini bado ni wingu.

Sasa niitaje picha ambayo hutaiona kwenye maonyesho yoyote. Ilipigwa masika moja kwa simu, kutoka kibarazani pa duka, katika mtaa mmoja wa Mbagala. Anga ni kipande chembamba juu, cheupe, hakina lolote. Barabara yote ni maji. Kushoto kuna tofali sita zimepangwa za kukanyagia, ya nne imezama. Katikati limesimama tawi bichi la mwembe, na majani yake, kana kwamba mti umeota barabarani. Mgeni ataliona kama pambo la ajabu. Mwenyeji anajua linasema nini: hapa mfuniko wa mtaro haupo, usipite. Mtu amelichomeka akiwa ndani ya maji, akiyapapasa kwa miguu. Aliyepiga aliituma kwenye kundi la mtaa kwa maneno machache, wazazi wakaitumia kuwaelekeza watoto njia ya shule, na baadaye ilichapwa kwenye karatasi na kupelekwa kwenye mkutano wa mtaa, mjadala wa mfuniko ulipoanza.

Kama mwanafunzi wa fasihi nimefunzwa kuuliza kazi ya sanaa inaongea na nani. Picha ya wingu inaongea na mtu aliye mbali, aliye pakavu. Picha ya tawi inaongea na anayepita hapo kesho asubuhi, na kwa sababu hiyo ina kila ambacho picha ya mandhari inapaswa kuwa nacho: kipimo, kina, mahali, saa. Haina uzuri wa mwanga, ni kweli. Ningependa mno kuona mtu mwenye jicho la wale wa Coco Beach akiipiga.

Na muda wa kufanya hivyo haupo mwingi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi: daraja jipya la Jangwani, karakana kuhamishwa, wakazi kulipwa na kuondoka, na sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji. Huenda ni jambo jema. Kuna watoto ambao hawatakufa maji kwa sababu yake. Lakini bustani itakapokamilika bonde litakuwa na nyasi, maji yaliyotulia na anga pana, yaani kila kitu ambacho picha ya dhoruba inataka mbele yake. Wapiga picha watakuja Machi na kungoja wingu. Wataliweka juu ya uwanda usio na mtu, kama ule wa Mara, na mtazamaji aliyezaliwa baadaye atadhani uwanda huo ulikuwa mtupu tangu mwanzo.

Kwa hiyo nawaomba wenye kamera jambo dogo kwa masika yajayo: tone la kwanza likidondoka, funika lenzi kwa mfuko wa nailoni, panda daladala la Tandale au Mbagala, uliza maji yanapita wapi. Kisha rudi Julai, ardhi ikiwa kavu, upige mahali hapohapo. Mkononi utakuwa na picha mbili za mstari mmoja wa ukutani, na jina la mtaa limeandikwa chini yake.