Kucheza Ngoma na Kupiga Ngoma

Lugha yetu ina hekima ambayo aghalabu twaitumia bila kuitambua. Mtu akishika gitaa, twasema anapiga gitaa. Akiketi mbele ya kinanda, twasema anapiga kinanda. Lakini akishika karata, au akiketi mbele ya bao na kete zake, twasema anacheza. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo haya mawili, Kiswahili kimeyatenga. Na ngoma ikilia, watu huwa wa namna mbili uwanjani: yuko anayeipiga, na wako wanaoicheza. Anayepiga huzaa sauti, anayecheza huifuata. Tofauti hii ndogo ya maneno yaweza kutusaidia kujibu swali ambalo vijana wa leo wana haki ya kuuliza. Je, michezo ya video ya kutunga muziki humpendeza mchezaji wa dhati, yaani yule aliyeifanya michezo ya video kuwa fani yake, au ni pambo tu la wapita njia?

Swali hili lilinijia katika Eldoret, mji uliotawazwa kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, na ambao jina lake limepelekwa mbali na miguu ya wakimbiaji. Siku moja, mvua ikinyesha, niliingia katika chumba kimoja cha michezo karibu na kituo cha matatu. Ndani mlikuwa na televisheni nne, mabenchi mawili, na vijana wapatao kumi na watano. Padi walizozishika zilikuwa zimetumika hata alama za vitufe zimefutika. Televisheni zote nne zilionyesha kandanda, ule mchezo ulioitwa FIFA hadi mwaka 2023, na ambao sasa huitwa EA Sports FC. Kila mchezo ulilipiwa, na aliyefungwa alimpisha mwingine. Nilimwuliza kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu kama amepata kucheza mchezo wa kutunga muziki. Alifikiri kidogo, akanijibu kwa adabu, "Sasa huo, mwalimu, unamshinda nani?"

Wako watakaolicheka jibu hilo na kuliona la kitoto. Mimi naliona kuwa ni uhakiki kamili, tena mfupi kuliko huu wangu. Mchezaji wa dhati si mtu wa kupoteza wakati tu. Hurudia tendo moja mara mia, akashindwa, akaanza tena, mpaka vidole vijue kabla ya akili. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ustadi wake katika mchezo wa mapigano uitwao Tekken. Hakufika hapo kwa bahati. Mtu wa namna hiyo hutaka vitu vitatu: sheria anayoifahamu, mpinzani anayemheshimu, na hukumu isiyo na upendeleo. Mwenye kutunga wimbo peke yake mbele ya mashine hapewi mpinzani, na mara nyingi hapewi hukumu.

Hata biashara ya chumba kile inamwunga mkono kijana yule. Mchezo wa kandanda una kipenga cha mwisho, na kipenga kikilia, mwenye chumba hupokea fedha nyingine. Wimbo hauna kipenga. Mtunzi aweza kukaa na mdundo mmoja tangu asubuhi hata jioni, akiongeza hapa na kupunguza pale. Je, walio benchini watangoja nini?

Historia ya michezo hii yenyewe yatoa ushahidi. Kampuni ya Harmonix ilianzishwa Marekani mwaka 1995 na vijana wawili waliosoma katika chuo cha MIT, Alex Rigopulos na Eran Egozy. Nia yao ilikuwa njema: kumpa mtu asiyejua muziki furaha ya kuupiga. Kazi yao ya kwanza, The Axe, ilimwezesha mtu kubuni sauti za gitaa kwa kusukuma kijiti cha kompyuta, na kila alichokifanya kilikubaliana na wimbo. Walioinunua walikuwa wachache mno. Ndipo kampuni ikageuza shauri. Katika Guitar Hero ya mwaka 2005 mchezaji alipewa gitaa la plastiki lenye vitufe vitano vya rangi, na rangi hizo zikamshukia katika kioo cha televisheni. Akibonyeza kwa wakati wake alipata alama. Akikosa kila mara, umati wa ndani ya mchezo ulimzomea. Mchezo ule ulienea kama moto wa nyika. Guitar Hero III ya mwaka 2007, iliyotengenezwa na mikono mingine, ilipita mauzo ya dola bilioni moja.

Tazama vizuri jambo lililotokea. Katika The Axe mtu alibuni, lakini hakuweza kukosea. Katika Guitar Hero mtu hakubuni hata noti moja, lakini aliweza kukosea, na kwa sababu hiyo aliweza pia kusifiwa. Kwa Kiswahili safi, gitaa lile hakulipiga, alilicheza. Na mchezaji wa dhati alikuja kwa ajili ya kucheza.

Walakini anayecheza ngoma ya mwingine huchoka siku ngoma isipobadilika. Matoleo yalifuatana upesi upesi, magitaa ya plastiki yakajaa vumbi, na mwaka 2011 kampuni ya Activision ilikifunga kitengo chake cha Guitar Hero. Harmonix nayo haikuisahau nia yake ya kwanza. Mwaka 2020 ilitoa Fuser, mchezo ambamo mtu huchukua ngoma ya wimbo huu, sauti ya mwimbaji yule, na besi ya wimbo wa tatu, akavichanganya mbele ya umati wa kuchorwa. Ulisifiwa na wahakiki wengi, lakini haukudumu. Mwezi wa Desemba 2022 uliondolewa sokoni na huduma zake za mtandao zikafungwa.

Nintendo ya Japani ilikwenda mbali zaidi. Mchezo wake wa Wii Music, wa mwaka 2008, ulitoa ala zaidi ya 60, na katika sehemu yake kuu hapakuwa na alama wala kushindwa. Mtu alipunga mkono, na ala ikalia kwa upatanifu. Wahakiki wengi wa michezo hawakuuchangamkia. Mtu aweza kudhani kuwa waliuona mwepesi mno. Mimi nadhani kosa lake lilikuwa jingine: aliyejitahidi na aliyezembea walipokewa kwa namna moja. Sifa itolewayo kwa kila mtu haina thamani kwa mtu yeyote.

Hapa msomaji mwenye akili atanipinga. Atasema, "Mbona Minecraft hupendwa na watu wengi mno, hali katika sehemu yake ya ujenzi huru hakuna wa kumshinda?" Pingamizi hili lina nguvu. Ni kweli kwamba wachezaji hupenda kuumba. Lakini nyumba ya Minecraft huonekana kwa jicho. Rafiki aweza kuingia mlangoni, akapanda ngazi, akashangaa. Tena nyumba iliyojengwa vibaya husimama bado, na mwenyewe huishi ndani yake mpaka atakapojua kujenga bora. Wimbo uliotungwa vibaya hausikiliki mara mbili, hata kwa mtunzi wake. Mwanafunzi wa ujenzi hupewa faraja tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi wa muziki hana budi kuyavumilia masikio yake mwenyewe kwa muda mrefu. Kwa hiyo mchezo wa kutunga muziki wahitaji msaada ambao mchezo wa kujenga waweza kuukosa bila hasara. Wahitaji msikilizaji.

Je, utunzi na hukumu vyaweza kukaa nyumba moja? Vyaweza, na mfano wake ni wa zamani kuliko Guitar Hero. Mwezi wa Desemba 1996 ulitokea Japani mchezo wa PaRappa the Rapper, kazi ya mwanamuziki Masaya Matsuura. Mbwa mdogo hufundishwa kughani na walimu mbalimbali. Mwalimu hutoa mstari, na mchezaji huujibu kwa vitufe. Anayefuata vizuri hufaulu. Lakini hafiki daraja ya juu kabisa kwa kufuata tu. Yampasa aongeze midundo yake mwenyewe juu ya mstari aliopewa, na akiongeza vema mwalimu huondoka, akamwachia uwanja. Naona kuwa katika sheria hiyo moja mna ualimu mkubwa. Mchezo ule haukumwambia mchezaji atunge kabla hajaweza kufuata, wala haukumruhusu aridhike na kufuata baada ya kuweza. Ulimchukua kutoka kucheza hadi kupiga, akiwa angali anahukumiwa.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatukuhitaji kuambiwa na mashine kwamba muziki na mashindano ni ndugu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, ngoma ya beni iliigawa mitaa ya pwani katika pande zilizoshindana. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Katika Tanganyika, Marini na Arinoti. Kila upande ulishona mavazi, ukapiga ngoma na tarumbeta, ukatunga nyimbo za kuujibu upande wa pili. Wala shuleni jambo hili si geni. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwakutanisha wanafunzi mbele ya waamuzi wenye kalamu, na mna sehemu za nyimbo zilizotungwa na washiriki wenyewe. Aliyepata kusimama jukwaani na kwaya yake, akangoja alama kusomwa, anajua kuwa moyo hupiga pale kama upigavyo katika dakika ya mwisho ya kandanda. Basi si kweli kwamba kijana apendaye ushindani huchukia kutunga. Huchukia kutunga mahali pasipo na mtu wa kusikia.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito kuliko alama. Katika mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis kusini ya Eldoret, wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikiwa huko kwa sahani za santuri. Mashine ngeni iliwaletea watu wale sauti ngeni. Wangaliweza kuisikiliza tu, na kuifuata kwa kichwa na mguu. Hawakufanya hivyo. Walilichukua jina, wakalitia katika lugha yao, wakalipigia kinubi chao kiitwacho chepkong, na wimbo ukawa wao. Hapana mwamuzi aliyewapa alama. Hata hivyo, kwa sababu wimbo uliimbwa mbele ya watu, ulikuwa na wasikilizaji, na mwaka 2014 nakala za rekodi hizo zilirudishwa Kenya kwa wenyewe.

Leo mashine nyingine imefika katika nyanda hizo hizo za juu. Nayo yaweza kutumiwa kwa namna zote mbili. Programu ya Music 2000, iliyotolewa kwa PlayStation mwaka 1999, haikuwa na mshindi wala mshinde. Lakini baadhi ya vijana wa London walioujenga mtindo wa grime walianza kutunga midundo yao kwa hiyo. Kwao mchezo ulikuwa mlango, na waliupita. Hatuwezi kumlaumu mchezaji asiyeupita, kwa kuwa alikuja kucheza na si kupiga. Lakini itakuwa hasara ikiwa mlango wenyewe hautafunguliwa mbele ya wale wenye kipaji wasiojijua.

Basi jibu langu ni hili. Mchezo wa kufuata muziki humvuta mchezaji wa dhati kwa sababu humhukumu, ila humchosha kwa sababu haumwachii neno lake mwenyewe. Mchezo wa kutunga muziki humpa neno lake mwenyewe, ila hupoteza usikivu wake usipomhukumu. Ule utakaomvuta na kumweka ni ule utakaounganisha mambo mawili haya, kama PaRappa ilivyofanya kwa sehemu, na kama beni ilivyofanya kwa ukamilifu.

Kijana yule wa Eldoret nilimwacha bila jibu, kwa kuwa siku ile sikuwa nalo. Leo ningemwambia kuwa dawa haiko mbali na benchi alilokalia. Wapewe wachezaji wawili mdundo mmoja na dakika tano. Kila mmoja auongeze apendavyo, kisha nyimbo zote mbili zipigwe chumbani, na walio benchini waamue. Kipenga kingekuwapo, na mwenye chumba angepata fedha yake. Waamuzi wangekuwa wakali kuliko mashine yoyote, kwa maana hakuna msikilizaji mkali kama anayengoja zamu. Nadhani kijana yule asingeniuliza tena mchezo huo unamshinda nani; angeuliza zamu yake ni lini.