Turufu, Parapanda na Jina la Trump

Jina la ukoo la Donald Trump, aliyeapishwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2017 na tena mwaka 2025, limewapa waandishi wa Kiingereza mchezo mwepesi mno. Neno hilo likiandikwa kwa herufi ndogo lina maana zake katika lugha yao, na ni wachache walioweza kujizuia wasizitumie. Wampendao huona ndani yake ushindi. Wamchukiao huona uzushi na takataka. Kila upande wadhani kwamba lugha yenyewe imetoa ushahidi, kumbe haikutoa.

Kwanza yafaa kutambua kwamba ndani ya sauti hiyo moja mna zaidi ya neno moja. Lipo la karata. Warumi walimfanyia jemadari mshindi maandamano ya heshima, wakayaita triumphus. Waitalia wa karne ya 15 walilitwaa jina hilo wakaziita karata zenye nguvu kupita nyingine, na kwa njia ya Kifaransa likawafikia Waingereza. Hugh Latimer, alipohubiri Cambridge mwaka 1529 kwa mfano wa mchezo wa karata, alitumia triumph na trump pamoja, kana kwamba mtoto alikuwa hajaachana na mzazi wake.

Lipo la pembe, ambalo asili yake ni nyingine kabisa. Hilo ndilo lililomo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, wafu wanapofufuliwa, na wafasiri wa Kiswahili hapo waliweka parapanda. (Mitaani Uingereza pembe hiyo hiyo imeshuka hata ikawa na maana ya kujamba, watani hawakuisahau.) Tena lipo trumpery, lililotokana na neno la Kifaransa la udanganyifu. Shakespeare alimpa Prospero alitamke katika The Tempest, akizungumzia mapambo yatakayowanasa wezi wapumbavu.

Kiswahili nacho kina ndugu wa lile la kwanza. Turufu ni trunfo la Wareno, lililofika pwani pamoja na karata, kopa, shupaza, uru na pau, nalo chimbuko lake ni yale yale maandamano ya Roma. Lakini turufu haipigi parapanda, wala haina harufu ya takataka. Mfasiri akutanaye na mzaha wa gazeti la Kiingereza juu ya jina hili ana shida: akiandika turufu, sifa inabaki na tusi linapotea. Apoteze mzaha, basi. Kama mwandishi ameshitaki uongo, uongo huo utajwe, siku yake na maneno yake. Mchezo wa sauti hauhitaji kuthibitishwa, na ndiyo sababu wavivu huupenda.

Zaidi ya hayo, jina hili halikuzaliwa katika Kiingereza. Friedrich Trump, babu yake Rais, alitoka Kallstadt, Ujerumani, akafika New York mwaka 1885. Na Wajerumani turufu huiita Trumpf, kwa f mwishoni. Jina na neno vilikutana ugenini. Aliyeufanya mkutano huo kuwa biashara ni mwenye jina mwenyewe: aliliweka juu ya jengo lake la New York lililofunguliwa mwaka 1983, kisha juu ya nyumba za kamari za Atlantic City, na mwaka 1989 ukauzwa mchezo wa mezani ulioitwa kwa jina hilo hilo. Wachekeshaji waliokuja baadaye, hata wakali kabisa, wanacheza kwa karata alizozigawa yeye.

Hasara imeangukia pengine. Mwaka 1977 mwanasheria Ronald Dworkin aliandika kwamba haki za mtu binafsi ni turufu mkononi mwake: serikali ikitaka jambo kwa faida ya wengi, haki hiyo yaweza kulizuia. Ni mfano mzuri, mfupi, ulioelekeza mjadala wa sheria kwa miaka mingi. Leo mhadhiri wa Kiingereza akiutamka mbele ya wanafunzi hana budi kungoja kicheko kipite, kwa maana herufi kubwa haisikiki masikioni. Mwenzake wa Dar es Salaam asemaye kwamba haki ni turufu hangoji kitu. Anaendelea na somo lake.