Barua Ambazo David Hakuziandika

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa kusini mwa Wales, msichana wa miaka 13 aitwaye Petra anajitahidi kuvaa nguo za rangi ya kahawia. Rangi yenyewe haimpendezi, inampausha uso. Lakini amesoma kwenye jarida kwamba David Cassidy anaipenda kuliko rangi zote, na kwake hilo limemaliza mjadala. Hivyo ndivyo Allison Pearson anavyotukutanisha na Petra katika riwaya yake *I Think I Love You*, iliyotoka mwaka 2010, na kwa maoni yangu ufundi wote wa kitabu umo tayari ndani ya nguo hiyo. Mwandishi hatuelezi kwamba Petra amezama kwenye mapenzi. Anatuonyesha mtoto aliyekubali kupoteza mvuto mbele ya kioo chake ili ampendeze kijana aliye ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ambaye hata jina la Petra halijui.

Kwa wasiomkumbuka, Cassidy alizaliwa New York mwaka 1950. Kuanzia 1970 hadi 1974 aliigiza katika *The Partridge Family*, kipindi cha televisheni cha Marekani kuhusu mama na watoto wake wanaounda bendi. Mama huyo aliigizwa na Shirley Jones, ambaye nje ya kamera alikuwa mama yake wa kambo hasa. Wimbo wa bendi hiyo ulioipa riwaya jina lake ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwishoni mwa mwaka 1970. Uingereza nako wasichana walimzimikia kupita kiasi, na nyimbo zake zikaongoza chati za huko mwaka 1972 na tena 1973. Majarida ya wasichana kama *Jackie* yalichapa picha kubwa za nyota wa wakati huo, nyingine zikitolewa vipande vipande, wiki hii miguu, wiki ijayo kifua, hadi msomaji akamilishe mtu mzima ukutani kwake.

Jambo la kwanza la kustaajabia katika riwaya hii ni heshima. Kumcheka kigoli anayelilia picha ni kazi nyepesi, na waandishi wengi wameifanya. Pearson, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Wales na alikuwa rika moja na Petra mwaka huo wa 1974, hakuifuata njia hiyo. Anampa Petra nafasi ya kusimulia kwa kinywa chake, na katika masimulizi yake hamna sauti ya mtu mzima inayotukonyezea jicho pembeni. Petra na rafiki yake Sharon wanamsoma David kama wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Wanajua alizaliwa lini, anapenda chakula gani, farasi wake wanaitwaje. Jarida linapotangaza shindano la maswali magumu kumhusu, ambalo zawadi yake ni safari ya kwenda Marekani kukutana naye, wanajibu kwa uangalifu ambao walimu wao hawajawahi kuuona darasani. Ndipo msomaji anapotambua kwamba hawa ni watoto wenye akili na bidii, waliokosa tu pa kuzipeleka, na David akawapa pa kuzipeleka.

Tena Pearson anajua kwamba mapenzi ya namna hii hayaishi chumbani peke yake. Yana soko lake. Miongoni mwa wasichana wa shuleni yuko Gillian, mrembo anayeamua nani aketi karibu naye na nani afukuzwe, na kumjua David vizuri ni kama fedha ya kununulia kiti katika kundi hilo. Petra ana haja kubwa na kiti hicho. Mama yake ni Mjerumani, mwanamke mkali na mzuri wa sura, anayeuona muziki wa vijana kuwa takataka na anayetaka binti yake akazane na selo. Kwa hiyo msichana anapiga Bach mchana, na usiku anamnong'oneza Cassidy. Kurasa zinazoeleza woga wake wa kuachwa na wenzake ndizo nilizozirudia mara nyingi kuliko zote. Kila aliyewahi kuwa na umri huo atajiona humo, hata kama hajawahi kusikia wimbo mmoja wa Cassidy.

Halafu unakuja uamuzi ambao mwandishi mwenye pupa asingeuweza. Sambamba na Petra, Pearson anatuletea Bill, kijana wa London aliyehitimu chuo, anayeupenda muziki wa maana na aliyepata ajira kwenye jarida la mashabiki wa Cassidy. Kazi yake ni kuandika barua za David. Zile barua tamu zinazowaita wasichana kwa mapenzi, zinazowaambia jinsi alivyochoka na safari na anavyowakumbuka, hutoka kwenye mashine ya chapa ya Bill, ndani ya ofisi iliyojaa moshi wa sigara. Msomaji anaijua siri hii mapema. Petra haijui. Tangu hapo kila anapoifunua barua na kuisoma polepole, sisi tunaisoma pamoja naye tukiwa na uchungu ambao yeye hana.

Pearson angeweza kuificha siri hiyo na kuifichua mwishoni kwa kishindo. Kwa kuitoa mapema amepata kitu bora zaidi. Tunamwona Bill akiionea aibu kazi yake, kisha akianza kuifanya vizuri kuliko alivyokusudia, kwa sababu barua za wasichana zinazomiminika ofisini haziwezi kusomwa kwa moyo mgumu. Anajifunza kuandika kwa namna ambayo msichana wa mbali aone ameandikiwa yeye tu. Ukitafakari, hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa riwaya pia, na ndiyo maana Pearson anamtendea haki kijana huyu. Maneno yalikuwa ya kuajiriwa, lakini faraja aliyoipata Petra ilikuwa ya kweli, na kitabu kinayashikilia yote mawili bila kulazimisha moja lishinde.

Kiini cha sehemu ya kwanza ni uwanja wa White City, London, tarehe 26 Mei 1974. Hili ni tukio la kweli. Maelfu ya mashabiki, wengi wao wasichana wadogo, walijazana mbele ya jukwaa Cassidy alipokuwa akiimba. Msongamano ukawazidi, mamia wakaumia au kuzimia, na msichana mmoja wa miaka 14 akafariki siku chache baadaye. Pearson anawapeleka Petra na wenzake ndani ya umati huo. Anaiandika hofu kwa mwili: hewa inapungua, miguu haigusi ardhi, mkono wa rafiki unatafutwa gizani. David mwenyewe yuko mbali jukwaani, mdogo, karibu haonekani. Wasichana waliokuja kumtafuta wanaanza kutafutana wao kwa wao, na kwangu mimi hapo ndipo riwaya inapoonyesha ilikuwa inamhusu nani tangu mwanzo.

Baada ya hapo kitabu kinaruka hadi mwaka 1998. Petra ni mama wa binti wa miaka 13, ameachwa na mumewe, anafanya kazi ya kutibu watoto kwa muziki. Mama yake anapofariki, anakuta miongoni mwa vitu vya marehemu barua iliyofichwa kwa miaka 24, inayosema kwamba walilishinda lile shindano. Sitasimulia yote yanayofuata, ila Petra na Sharon wanakwenda Las Vegas, na Bill yumo safarini. Sehemu hii ya pili ina ulaini wa hadithi za mapenzi ambao sehemu ya kwanza haina, na sikuipenda kwa kiwango kile kile. Hata hivyo barua ile iliyofichwa imepangwa vizuri mno. Inamfanya Petra amwombolezee mama yake na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na ni waandishi wachache wanaoweza kubebesha karatasi moja mzigo huo.

Mwishoni Pearson ameweka mazungumzo yake mwenyewe na Cassidy, aliyoyafanya kama mwandishi wa gazeti miaka kadhaa kabla ya riwaya kutoka. Baada ya kurasa mia kadhaa za David wa kubuni, kukutana na mwanamume wa makamo mwenye maisha na majeraha yake ni tendo la uadilifu kwa upande wa mwandishi. Cassidy alifariki Novemba 2017, akiwa na miaka 67.

Nilipokuwa nikisoma niliwawaza wasichana wa kwetu, waliobandika ukutani picha za nyota wa filamu za Kihindi kwa gundi ya uji wa ngano, waliotuma kadi za salamu redioni wakitumaini jina lao litatajwa hewani. Riwaya zetu zina mengi kuhusu wasichana wanaodanganywa na wanaume walio karibu nao, na ni haki hayo yaandikwe. Lakini yule aliyempenda mtu wa mbali, akajifunza maneno ya wimbo wa lugha asiyoijua, akagombana na shoga yake kwa ajili ya picha moja, bado anamsubiri mwandishi. Nawaomba waandishi wetu wamwandike, na wanapomwandika wasimcheke.