Jina Lililoapiwa na Kuzikwa: Sanaa ya Tendo katika Ayalandi

Miongoni mwa sanaa zilizostawi Ulaya na Marekani baada ya Vita Kuu vya Pili, imo moja ambayo Kiswahili hakijaipatia jina lililokubaliwa na wote. Msanii wake hachongi wala hachori kitu cha kuuzwa. Hutenda jambo mbele ya watu, na tendo lenyewe ndilo kazi yake. Neno utendi lingalifaa kwa asili yake, maana latokana na kutenda, lakini tangu zamani limeshikwa na washairi. Kuiita mchezo wa kuigiza nako ni kupotosha, kwa kuwa mwigizaji hujifanya mtu mwingine, hali msanii huyu hutenda kwa nafsi yake. Basi hapa itaitwa sanaa ya tendo.

Historia ya sanaa hiyo katika Ayalandi husimuliwa mara nyingi kama habari za miili iliyojitesa. Husimuliwa jinsi Nigel Rolfe, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Ayalandi mwaka wa 1974, alivyojizungushia kamba kichwani hata uso wake usionekane. Husimuliwa pia jinsi Alastair MacLennan, Mskoti aliyefika Belfast mwaka wa 1975, alivyoendelea na tendo moja mjini London mwaka wa 1981 kwa saa 144 mfululizo. Habari hizo ni za kweli, nazo zina uzito wake. Hata hivyo zaficha jambo moja: kazi mbili zilizofika mbali zaidi katika historia hiyo zilisimama juu ya majina ya watu, na mwili ukawa mtumishi tu.

Kazi ya kwanza yatokana na mauaji. Jumapili tarehe 30 Januari 1972, askari wa Uingereza waliwapiga risasi watu walioandamana kudai haki za raia katika mji wa Derry, Ayalandi ya Kaskazini. Watu 13 walikufa siku ile, na mwingine akafa baadaye. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, katika nyumba ya maonyesho ya Project mjini Dublin, msanii Brian O'Doherty alilala mbele ya mashahidi walioalikwa, amevaa nguo nyeupe. Wasanii wenziwe wawili, Robert Ballagh na Brian King, wakampaka rangi, mmoja kutoka kichwani na mwingine kutoka miguuni, kwa kijani na rangi ya chungwa, hata rangi hizo zikakutana na kuchanganyika. Kijani ni rangi ya wazalendo Wakatoliki, na ile ya pili ni ya Waprotestanti; weupe ulio kati yake katika bendera ya Ayalandi ni ishara ya amani. Siku ile weupe ulifunikwa. Ndipo O'Doherty alipoapa kwamba kazi zake za sanaa atazitia sahihi ya Patrick Ireland mpaka majeshi ya Uingereza yaondolewe Ayalandi ya Kaskazini na raia wote wapewe haki zao.

Je, kiapo cha namna hiyo ni kiapo kweli? Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapwa mwaka wa 1962, alifundisha kwamba yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda: kuahidi, kuapa, kumpa mtu jina. Maneno hayo hufaulu pale tu yanaposemwa na mtu anayestahili, katika mahali na wakati upasao. Naye Austin aliyatenga maneno ya mwigizaji, akisema kuwa hayo ni matupu, kwani mtu aapaye jukwaani hafungwi na kiapo chake. Kwa kipimo hicho, maneno yaliyotamkwa katika nyumba ya maonyesho yangekuwa mapambo tu. Lakini O'Doherty alikishika kiapo chake kwa zaidi ya miaka 35. Kama kulikuwa na shaka usiku ule wa Dublin, miaka ndiyo iliyoiondoa.

Mtu akikieleza kiapo hicho kwa Kiswahili, ataona kwamba uzito wake wote umelalia neno moja: mpaka. Katika lugha hii neno hilo ni kikomo cha wakati na pia ni kikomo cha nchi. Kisiwa cha Ayalandi kilikatwa na mpaka mwaka wa 1921, na machafuko yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 yalihusu mpaka huo. O'Doherty aliujibu mpaka wa ardhi kwa mpaka wa muda. Ndiyo maana jina lake jipya si lakabu ya kawaida. Lakabu humfuata mshairi maisha yake yote wala haina sharti. Jina hili lilizaliwa likiwa na sharti la kufa kwake.

Sifa hizo zikikubaliwa, kasoro nazo hazina budi kutajwa. Kwanza, kiapo kilimfunga nusu mtu. Makala mashuhuri ya O'Doherty juu ya vyumba vyeupe vya maonyesho, yaliyoanza kutoka mwaka wa 1976, yalibeba jina lake la kuzaliwa. Hali kadhalika riwaya yake ya mwaka wa 1999. Mchoraji aliapa, mwandishi akabaki huru. Pili, jina lenyewe ni kubwa mno. Patrick ni mtakatifu anayeheshimiwa na madhehebu yote mawili, na kifupi chake, Paddy, kilikuwa kwa Waingereza jina la kumdharau kila Mwayalandi. Kulirudishia heshima ni jambo jema. Lakini Ireland ni kisiwa kizima, na wako wengi kaskazini wanaojihesabu kuwa Waingereza. Mtu aliyekuwa akiishi Marekani tangu mwaka wa 1957 alijitwalia jina la wote, na hao hawakuulizwa.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo yaonekana katika mazishi. Operesheni ya majeshi ya Uingereza iliyoanza mwaka wa 1969 ilikwisha tarehe 31 Julai 2007. Tarehe 20 Mei 2008, Patrick Ireland alizikwa katika viwanja vya Jumba la Sanaa za Kisasa la Ayalandi, mjini Dublin. Jeneza lilibeba sanamu iliyovikwa nguo nyeupe pamoja na kinyago cha uso wake, na msanii Alannah O'Kelly akatoa sauti ya mbolezi, kwa mfano wa wanawake wa zamani wa Ayalandi waliowalilia maiti. Jumba hilo lilijengwa katika miaka ya 1680 liwe makao ya askari wazee wa Mfalme. Jina lililozaliwa kwa ajili ya kuwapinga askari likalazwa katika uwanja wa askari.

Lakini nani aliyeamua kwamba sharti limetimia? Askari walikuwa wangalipo katika kambi zao kaskazini, ingawa operesheni ilikuwa imekwisha. Ripoti ya uchunguzi iliyotamka kwamba waliouawa Derry waliuawa bila haki ilitoka mwezi wa Juni 2010, miaka miwili baada ya kaburi kufunikwa. Mwaka wa 1972 mashahidi waliitwa kusikia kiapo. Mwaka wa 2008 mwapaji ndiye aliyejifungua mwenyewe. Mwenye deni akawa kadhi wa deni lake.

Kazi ya pili ni ya MacLennan, aliyeiwakilisha Ayalandi katika maonyesho ya Venice mwaka wa 1997. Kichwa chake ni Body of (D)Earth, kinachocheza na neno la ardhi hata likakaribia kifo. Humo yalisomwa majina ya waliokufa katika machafuko tangu mwaka wa 1969. Machafuko hayo yaliua watu wapatao 3,500. Hapa hapana jina moja linalowameza wengine; kila aliyekufa ametajwa kwa lake. Orodha ya namna hiyo haina sharti, na kwa hiyo hapana mtu awezaye kutangaza kwamba imetimia. Udhaifu wake ni kinyume cha ule wa kwanza: asomaye majina ya wafu haahidi kitu.

O'Doherty alifariki mwaka wa 2022, akiwa na jina alilozaliwa nalo. Kiapo chake kitabaki kuwa kazi kubwa, kwa sababu alisema jambo ambalo watu waliweza kumdai. Orodha ya MacLennan itabaki kuwa kazi ya haki zaidi, kwa sababu haikusema kwa niaba ya mtu ye yote. Wataalamu watakaoandika historia ya sanaa hiyo yawapasa kupima maneno yaliyotamkwa, na nani aliyabeba, kabla ya kuhesabu saa na majeraha.