Namna ya Kuitambua Rodiamu Iliyo Hai

Mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua ngozi, hutoa kadanoli. Mwaka 2014 wanakemia wa Ulaya, David Cole-Hamilton wa St Andrews akiwemo, walionyesha jinsi ya kuigeuza kuwa propilifenoli, harufu inayowavuta mbung'o mtegoni. Kwa ukanda wa Mwera hadi Saadani, wenye mikorosho na mbung'o, habari hiyo inatuhusu. Sehemu ya kazi hufanywa na metali iliyoshikwa na fosfini, na anayetaka kulizoeza jicho kuitambua metali ya namna hiyo aanze na kichocheo cha Wilkinson: rodiamu moja, klorini moja, trifenilfosfini tatu.

Kikiwa kikavu, fuwele ziwe na wekundu mzito wa juisi ya rozela. Kilichopikwa kwa ethanoli kidogo hutoka cha rangi ya chungwa. Usikitupe, ni kitu kilekile chenye mpangilio mwingine wa fuwele. Cha manjano ndicho cha kutilia shaka, kwani huenda kimeshanasa kaboni monoksaidi, na hiyo haibanduki kirahisi.

Lakini rangi haitoshi. Thamani yake iko katika kuachia. Ndani ya kiyeyusho fosfini moja hujitenga, rodiamu ikabaki na majirani watatu na elektroni 14, na upungufu huo ndio unaoifanya idake haidrojeni kwa kasi inayozidi maelfu ya mara ile ya rodiamu yenye fosfini zote tatu. Kwa hiyo kipime kikiwa kazini. Yeyusha kidogo katika toluini isiyo na hewa, pitisha haidrojeni: wekundu ufifie hadi manjano hafifu. Kisha pitisha naitrojeni. Wekundu ukianza kurudi, hicho ni kizuri kwelikweli.

Yakitua mashapo ya waridi, rodiamu zimeungana mbili mbili kwa klorini zao.

Mwenye mashine ya NMR atazame fosforasi. Iliyoshikwa na rodiamu daima hutoa mistari iliyopasuka. Mstari mmoja mzima karibu na 29 ppm ni fosfini iliyoliwa na oksijeni, na chupa yenye mstari huo mrefu mimi siichukui. Mstari mwingine mzima, karibu na −5 ppm, wengi huusamehe. Mimi siusamehe: ni fosfini ya ziada, nayo huirudia rodiamu na kuziba nafasi ileile tunayoilipia.