Pongezi kwa Mtu wa Maabara

Mwanafunzi anayefungua bureti asubuhi ya mtihani wa kemia haioni kazi ya jana yake. Mtu wa maabara ya shule alikwisha kupima gramu 10.6 za kaboneti ya sodiamu iliyokaushwa vizuri, akaziyeyusha na kuongeza maji hadi lita moja kamili: 0.1 M, hakuna ubishi. Haidroksaidi ya sodiamu ndiyo inayomchosha. Hufyonza unyevu na kabonidayoksaidi hewani, kwa hiyo uzito wake kwenye mizani hauaminiki. Humbidi aipime upya kwa asidi ambayo ukolezi wake tayari ameuhakiki kwa kaboneti ile.

Hapo ndipo hesabu ya mwanafunzi inapopata pa kusimama. Sentimita za ujazo 25 za haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1 M zikimalizwa na 20 za asidi ya haidrokloriki, asidi hiyo ni 0.125 M. Msingi ukikosewa, darasa zima litakokotoa kwa ustadi na bado likose.

Nampongeza kwa moyo wote. Siku ya mahafali walimu wanapotajwa jukwaani, naye atajwe, tena kwa jina lake kamili.