Umati wa Ntiro na Umati wa Armitage

Mwaka 2021 picha za wachoraji wa Afrika Mashariki zilionyeshwa London, katika jumba la Royal Academy, chini ya jina la Kiswahili: "Mwili, Akili na Roho". Ziliwekwa pamoja na kazi za Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Nairobi nako onyesho hilo lilifika, likiwa na wachoraji kumi. Nia yake ni kuthibitisha kwamba kijana huyu hakuota kama uyoga, anao wazee.

Mkubwa wa wazee hao ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na baada ya Uhuru akatuwakilisha Uingereza akiwa Balozi. Watu wake ni wadogo wadogo, wanafanya kazi pamoja kati ya migomba, na nyuso zao hazisemi lolote. Wapo wauitao huo udhaifu wa mkono. Sisi hatuafikiani nao. Kwa Ntiro mwenye sura ni ile kazi yenyewe, kama vile katika kiitikio cha ngoma hakuna aulizaye sauti hii ni ya nani.

Armitage huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti ya Waganda, na matundu yake huyaacha yaonekane. Katika picha zake zilizotokana na uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017 watu wamekwea mti mkutanoni, kila mmoja na uso wake, kila mmoja na shauku yake. Umati wa Ntiro umekwisha patana. Huu bado unatafuta wa kumsikiliza. Hapo ndipo tuuonapo ukoo wao, yaani katika swali la namna ya kuuchora umma, wala si katika rangi.

Lawama tunayo. Miongoni mwa wale kumi hayumo Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ambaye kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi alianzisha hapa Dar es Salaam mtindo unaojulikana dunia nzima. Haiwezi kuwa ni kwa sababu ya elimu, maana Jak Katarikawe wa Uganda, ambaye naye hakupitia chuo cha sanaa, yumo, tena kwa haki. Twashuku kwamba soko la watalii limemponza marehemu: wanafunzi wa wanafunzi wake wamerudia mno, na mwalimu akahukumiwa kwa makosa yao.

Picha ya Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Mwalimu wa Wazo hawezi kulipeleka darasa lake huko. Lakini akipata nakala yake, aiweke ubaoni kando ya ile ya mkutano ya Armitage, awaulize wanafunzi ni nani katika kila picha anayejua aendako.